Maji uliyoyavulia nguo si lazima uyaoge

Mwenzetu mmoja wa kozi ya kuzamia alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya bwawa, kina cha mita mbili hivi, na zamu ilikuwa imemfikia. Zoezi lenyewe ni dogo ukilisikia: unaachia maji yaingie kwenye barakoa ya kuzamia, unainua uso kidogo, unabonyeza ukingo wa juu kwa vidole, unatoa pumzi kwa pua, na hewa inayasukuma maji yatokee chini. Tulikuwa tumeliona kwenye video. Tulikuwa tumelisoma, tukaulizwa maswali yake, tukayajibu. Yeye aliyajibu vizuri kuliko sisi wengine wote.

Alivuta ukingo wa barakoa na maji yakaingia yote kwa mkupuo. Mapovu yake yakakatika. Mzamiaji anayepumua sawasawa hutoa mapovu, yakakoma kidogo anapovuta hewa, kisha yakatoka tena. Yake yalikatika na hayakurudi. Halafu miguu ikasukuma sakafu. Mwalimu alikuwa ameshamshika mkanda wa jaketi la kuelea. Akapanda naye, huku mkono wa pili ukimwashiria atoe pumzi, atoe, atoe.

Alipotulia juu ya maji alisema: "Nilijua cha kufanya. Mwili ndio ulikataa kunisikiliza."

Wiki zimepita, kadi za uzamiaji tumeshapewa, na kauli hiyo bado inanizunguka kichwani.

Inanizunguka kwa sababu kila anayeniuliza kuhusu kozi ananiuliza mambo ya kichwa. Mtihani ni mgumu? Kuna hesabu? Nisome nini? Kila nikijibu naona kuna jambo kubwa nimeliacha pembeni. Kozi ya mwanzo ya kuzamia ina wanafunzi wawili ndani ya mtu mmoja: kichwa, ambacho huelewa upesi, na mwili, ambao huelewa kwa mwendo wake wenyewe. Karibu kila tatizo nililolishuhudia lilitokea pale kichwa kilipofika kabla mwili haujafika, na mtu akaona haya kusema hivyo.

## Mpango wa kozi, kwa ufupi

Mashirika yanayoendesha kozi hizi na kutoa kadi ni mengi. PADI ilianzishwa Marekani mwaka 1966, SSI ikafuata 1970, na CMAS ilikuwepo tangu 1959, Jacques Cousteau, mpelelezi wa bahari wa Ufaransa, akiwa rais wake wa kwanza. Ukilinganisha kozi zao za mwanzo utaona zinafanana sana, maana kipo kiwango cha kimataifa cha ISO kinachoeleza mzamiaji wa ngazi hii anatakiwa aweze nini.

Kwa PADI, ambayo ndiyo watu wengi hukutana nayo, kuna nadharia, kuna vipindi vitano vya mazoezi kwenye bwawa au maji yaliyotulia, halafu mbizi nne kwenye maji ya wazi. Mtihani wa mwisho una maswali 50 ya kuchagua jibu, na unafaulu kwa asilimia 75. Umri ni kuanzia miaka 10, ingawa watoto wana mipaka yao ya kina. Mtu mzima akimaliza anaruhusiwa kushuka hadi mita 18.

Kuogelea? Ndiyo, utapimwa. Mita 200 bila vifaa, kwa mtindo wowote na bila kushindana na saa, au mita 300 ukiwa na barakoa, mapezi ya kuvaa miguuni na mrija wa kupumulia. Kisha unaelea dakika 10 bila kushika kitu. Hawatafuti mwogeleaji wa mashindano. Wanataka kuona kwamba maji yenyewe hayakutishi.

Hayo yote utayakuta kwenye kipeperushi chochote, kwa hiyo nayaacha hapo.

## Fomu ambayo watu huijaza kwa kusitasita

Kabla hujalowana unapewa fomu ya afya yenye maswali ya ndiyo na hapana. Pumu. Moyo. Kifafa. Kisukari. Upasuaji wa kifua au wa sikio. Ujauzito. Dawa unazotumia. Kuna majibu ya "ndiyo" ambayo yakishaandikwa hushuki mpaka daktari akupime na kutia saini.

Nimewaona watu wazima, wenye akili zao timamu, kalamu ikiwa imesimama juu ya kisanduku. Unajua wanachowaza. Ameshalipa, ameshaomba ruhusa kazini, wenzake wameshavaa, na pumu yenyewe ilimshika mara ya mwisho akiwa shule ya msingi. Akiandika "hapana" nani atajua?

Mapafu yake yatajua. Pumu inaweza kuziba njia ndogo za hewa, hewa ikabaki imenaswa nyuma ya kizibo. Ukipanda kutoka chini, hewa hiyo inatanuka, na haina pa kutokea. Wapo wenye historia ya pumu ambao daktari huwaruhusu baada ya vipimo, na wapo anaowakatalia. Huo ni uamuzi wa daktari na si wa kalamu yako asubuhi ya kozi. Mjamzito, yeye asubiri ajifungue kwanza.

Iombe fomu hiyo wiki kadhaa kabla ya kuanza, uisome nyumbani, na kama kuna "ndiyo" umwone daktari ukiwa bado huna haraka. Uongo mwingi kwenye fomu hizi huzaliwa na kuchelewa kuipata.

## Sikio ndilo la kwanza kusema

Juu ya maji tunabeba shinikizo la hewa la bar 1 (bar ni kipimo cha shinikizo). Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza bar nyingine. Kwenye mita 10 ni bar 2, kwenye 20 ni bar 3. Ukitazama vizuri utaona kwamba shinikizo linaongezeka maradufu ndani ya mita 10 za kwanza, na halitaongezeka maradufu tena mpaka ufike mita 30. Kwa hiyo mabadiliko makali yako karibu na juu, kule ambako mgeni anadhani ndiko kwenye usalama.

Ndiyo sababu masikio huuma hata chini ya bwawa.

Dawa yake ni kusawazisha. Unabana pua, unafunga mdomo, unasukuma hewa taratibu hadi usikie mlio mdogo masikioni. Njia hii inaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyefariki mwaka 1723. Wengine hufanikiwa kwa kumeza mate au kuchezesha taya. Unafanya mapema, kabla ya maumivu, na unarudia kila unaposhuka kidogo. Ukishasikia maumivu umechelewa: panda kidogo, jaribu tena. Usisukume kwa nguvu, kwani ngoma ya sikio haibembelezwi kwa mabavu. Na ukiwa na mafua siku hiyo usishuke. Dawa ya kuzibua pua inaweza kukwisha nguvu ukiwa chini, hewa ikakwama wakati wa kupanda.

Katika mbizi yetu ya kwanza ya maji ya wazi tulishuka tukifuata kamba. Mmoja wetu alibaki kwenye mita tatu hivi ilhali sisi tumeshafika. Mwalimu akamwonyesha duara la kidole gumba na cha shahada: uko sawa? Akajibu kwa duara: niko sawa. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeikaza kamba hadi mishipa imetokeza, na hakusogea. Mwalimu akaelekeza kidole kwenye sikio lake mwenyewe na kutikisa kiganja, ishara ya "kuna shida". Yule ndugu akakaa kimya kwa muda, halafu naye akatikisa kiganja.

Akapandishwa mita moja, akasawazisha, akashuka kidogo, akasimama, akashuka tena. Sote tulisubiri. Hakuna aliyepoteza kitu kwa kusubiri, hewa ilikuwa tele.

Nimeirudia picha ile mara nyingi kichwani. Sikio lake halikuwa na tatizo lolote kubwa. Kilichokuwa kinamweka hatarini ni ile "sawa" ya kwanza.

## Kanuni moja juu ya nyingine zote

Usibane pumzi. Kamwe.

Utaisikia mpaka uchoke, na bado nataka kuieleza, maana nilipoielewa sababu yake ndipo mazoezi mengine yote yalipoanza kukaa mahali pake. Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha kanuni kwamba, joto lisipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kadiri shinikizo linavyoongezeka. Jaza puto kwenye mita 10, lifunge, lipeleke juu: litafika likiwa na ujazo maradufu. Sasa weka mapafu mahali pa puto. Ukivuta hewa ya mtungi chini ya maji, ukabana pumzi na kupanda, hewa inatanuka na mapafu yana kikomo. Mita moja na nusu tu za kupanda na mapafu yaliyojaa zinatosha kuumiza. Ndiyo maana mwalimu alimwashiria mwenzetu atoe pumzi, hata bwawani.

Hapa ndipo kichwa na mwili vinapogombana waziwazi. Maisha yote mwili umejua jambo moja kuhusu maji: ukizama, bana pumzi, kimbilia juu. Ni akili nzuri sana kwa mtu asiye na mtungi. Kwa mwenye mtungi, mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo yanayoweza kumuua. Kozi inakuomba uiweke kando silika uliyozaliwa nayo, na haiwezekani kuiweka kando kwa kusoma.

Ndiyo maana mazoezi yanarudiwa. Unaitoa mdomoni regulata, kile kifaa kinacholeta hewa ya mtungi, na wakati iko nje unaachia uzi mwembamba wa mapovu kati ya midomo. Unaipapasa kwa kuzungusha mkono wa kulia nyuma ya bega, unairudisha, unapuliza kwanza kutoa maji, ndipo unavuta. Unajifunza kuomba hewa ya mwenzako kupitia regulata yake ya akiba. Unajifunza kupanda hadi juu kwa pumzi moja, kutoka kina cha kati ya mita sita na tisa, ukitoa sauti ya "aaaa" njia nzima ili koo libaki wazi.

Na unajifunza kupumua polepole. Hili nililichukulia kama ushauri wa kutuliza watu, kumbe ni hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una takriban lita 2,400 za hewa. Kwenye mita 10 kila pumzi inachukua maradufu ya ile ya juu, kwenye mita 20 mara tatu. Mtu anayehema kwa hofu anaimaliza hewa yake upesi, na kibaya zaidi, pumzi fupi fupi haziondoi kabonidayoksaidi vizuri, na kabonidayoksaidi ndiyo inayoufanya mwili udhani umekosa hewa. Anahema zaidi, anahisi kukosa zaidi. Kinachovunja mzunguko huo ni kutoa pumzi: ndefu, mpaka mwisho, kisha kuvuta bila papara.

## Barakoa, mara ya pili

Baada ya mwenzetu kupanda kwa hofu nilitegemea mwalimu amwambie ajikaze. Hakumwambia. Alimpeleka kwenye kina cha kusimama, akamvua barakoa kabisa, akamwambia ainamishe uso majini na apumue tu kwa regulata. Pua wazi, maji yakigusa pua. Basi. Hakuna kingine cha kufanya, hakuna wa kumtazama, maana sisi tuliobaki tulipewa kazi nyingine upande wa pili wa bwawa.

Mara za mwanzo aliinua uso baada ya pumzi moja. Maji yakigusa pua, mwili hufunga njia ya hewa wenyewe, haukuombi ruhusa. Akarudia. Akaambiwa atoe hewa kidogo puani kila anapotoa pumzi, ili maji yasipate mwanya. Baadaye nilipogeuka kumtazama alikuwa bado ameinamisha uso, na mapovu yanatoka kwa utulivu, yanakoma, yanatoka.

Ndipo akapewa barakoa yenye maji kidogo. Kisha nusu. Kisha tele. Kipindi kilichofuata aliivua chini kabisa, akakaa nayo mkononi dakika nzima akipumua, akaivaa, akaisafisha.

Kiwango cha kozi kinasema unamaliza zoezi unapoliweza kwa utulivu na kwa kurudia, si unapolivuka mara moja kwa bahati. Kwenye karatasi kila shule inakubali hivyo. Ila siku zina ratiba, boti zina saa, na bwawa lina watu wengine wanaolisubiri. Mwalimu wa kikundi kikubwa anaweza kutamani kuona tiki kwenye kisanduku. Kanuni za PADI zinamruhusu mwalimu mmoja kuwa na wanafunzi 8 kwenye maji ya wazi. Mimi naona hao ni wengi mno. Ningependa wanne, au pungufu.

## Kukaa katikati ya maji

Hakuna aliyeniandaa kwa hili, na ndilo nililolipenda kuliko yote.

Wengi wanawaza kuzamia kuwa ni kuzama. Kumbe kazi kubwa ni kutozama na kutopanda. Unavaa vizito vya madini ya risasi kukushusha, unatia hewa kidogo kwenye jaketi la kuelea ili kukusimamisha, na kazi iliyobaki inafanywa na mapafu. Vuta hewa: hakuna kinachotokea. Subiri. Sasa unapanda, sentimita chache. Toa hewa: bado unapanda. Subiri. Sasa unashuka. Ucheleweshaji huo kati ya pumzi na mwendo ndio unaowachanganya wageni. Mtu anavuta hewa, haoni jibu, anabonyeza kitufe cha jaketi, kisha majibu mawili yanakuja kwa pamoja na anapaa.

Vizito navyo. Wanaoanza hubebeshwa risasi nyingi ili washuke kirahisi, halafu wanajaza hewa jaketini kufidia, na hewa ile inatanuka na kunywea kwa kila mita. Omba upimwe. Ukiwa juu, jaketi tupu, pumzi ya kawaida kifuani, maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uanze kuzama. Kisha kumbuka kwamba hewa nayo ina uzito: ile iliyomo kwenye mtungi uliojaa ni karibu kilo 3, na mwisho wa mbizi sehemu kubwa ya uzito huo haupo tena. Jambo hili lilinistaajabisha. Hewa, kilo 3.

Shule nyingi bado zinawafundisha wanafunzi wakiwa wamepiga magoti. Naelewa sababu, ni rahisi kuwasimamia. Lakini kwenye matumbawe hakuna pa kupiga magoti bila kuua kitu, na shida ikikupata utakuwa unaelea. Kuna walimu wanaofundisha kila zoezi mwanafunzi akiwa amelala kifudifudi katikati ya maji tangu siku za mwanzo. Inachukua muda zaidi, na ningeilipia.

## Maji ya wazi

Bwawa halikuandai kwa mambo mawili: sauti na rangi.

Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na masikio yako yanashindwa kujua inatoka upande gani. Boti inasikika kila mahali. Mlio wa pumzi yako mwenyewe unajaa kichwa. Kwangu mimi dakika za kwanza zilikuwa za kelele, si za ukimya ule watu wanaousifia.

Rangi nyekundu inafifia ndani ya mita chache tu. Mapezi mekundu ya mwalimu yalikuwa ya kahawia kabla hatujafika chini. Kioo cha barakoa kinafanya vitu vionekane vikubwa kwa theluthi moja na vya karibu kuliko vilivyo, hivyo mkono unaunyoosha kushika kamba na kamba haipo. Halafu baridi, kwani maji hunyang'anya mwili joto upesi mno kuliko hewa. Hata maji unayoyaona ya vuguvugu yatakutetemesha ukikaa bila vazi la kuzamia.

Kupanda kunafundishwa kama sehemu ya mbizi, si mwisho wake. Chini ya shinikizo damu na misuli hufyonza naitrojeni, na ukipanda haraka inatoka kama mapovu mwilini. Kompyuta nyingi za kuzamia, zile zinazovaliwa mkononi kama saa, huonya ukizidi mita 9 au 10 kwa dakika. Kwenye mita 5 unasimama dakika 3. Ukimaliza, ndege isubiri: saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, saa 18 ukiwa umerudia. Panga safari yako ukijua hilo, maana wengi hupanga kozi siku za mwisho za likizo na kujikuta wanabishana na saa.

## Kadi inaruhusu nini hasa

Hapa ndipo kero yangu ya wiki hizi ilipo.

Nilidhani kadi inaniruhusu kuzamia nikiwa na kiongozi. Nilipoisoma vizuri nikaona inasema zaidi ya hapo. Inaniruhusu kukodi mtungi na kushuka na mtu mwingine mwenye kadi kama yangu, bila mwalimu, hadi mita 18, katika mazingira yanayofanana na yale niliyofunzwa. Watu wawili waliomaliza juzi, kila mmoja ndiye msaada wa mwenzake.

Nilijiuliza kama niko tayari. Kichwa kilijibu ndiyo mara moja: najua ishara, najua hesabu, najua kusoma bar zilizobaki mtungini na kurudi nikiwa na 50 za akiba. Mwili nao niliuuliza, na haukuwa na jibu la haraka. Mbizi nne ni chache. Hazijakutana na mkondo wenye nguvu, wala maji yenye matope, wala mwenza aliyepotea machoni.

Lililonitoa kwenye wasiwasi huo ni kanuni nyingine, ambayo mwalimu aliitaja kwa sentensi moja na kuipita. Mzamiaji yeyote anaweza kuahirisha mbizi yoyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na haulizwi kwa nini. Ukiwa chini unainua kidole gumba. Kwa wazamiaji kidole gumba hakimaanishi "safi", kinamaanisha "tupande". Anayekiona anajibu kwa kidole gumba, na wote wanapanda. Hakuna mjadala majini. Hakuna kumbembeleza mtu abaki kidogo.

Sisi tumelelewa na methali kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimeitamka mwenyewe mara nyingi, kuwatia moyo watu na kujitia moyo. Ni methali nzuri kwa aliyeanza kujenga au aliyeanza kusoma. Kwenye kuzamia naiweka pembeni kabisa. Umevaa vazi, umefunga vizito, umekaa ukingoni mwa boti, mwenzako anakusubiri, na kitu kifuani kinasema si leo: vua, kaa, subiri wenzako warudi. Fedha ya mbizi imekwenda, na iende.

Nilianza kuona kwamba mazoezi yote yalikuwa yanaelekea hapo. Yule aliyesimama kwenye mita tatu akitikisa kiganja, na yule aliyesema mbele yetu sote kwamba mwili wake haumsikilizi, walikuwa wameshaanza kufanya jambo ambalo kadi inalitegemea na mtihani hauliulizi. Wao ndio ningewachagua niwe nao chini. Na mmoja wao ndiye ninayezamia naye sasa. Tumekubaliana kutopita mita 12 kwa sasa, na mahali ambapo tumewahi kwenda na mwalimu.

## Kabla hujalipa

Nenda ukaongee na mwalimu mwenyewe, si mtu wa mapokezi. Muulize kikundi kitakuwa na watu wangapi. Muulize kama vifaa vinaingia kwenye bei, na kitabu, na kadi yenyewe, kwa sababu mara nyingine vinatajwa baadaye. Kozi ikiuzwa kwa siku chache sana, uliza kama ada inabaki ile ile ukihitaji siku ya ziada. Omba uone bwawa. Jaribu barakoa usoni bila kufunga mkanda: vuta hewa kwa pua, ikishika yenyewe inakufaa.

Ukishapata kadi, usiiache ilale. Haina tarehe ya kuisha, ila ustadi unaisha. Ukikaa muda mrefu bila kushuka, rudi bwawani na mwalimu kwanza.

Na muulize swali hili: nikifika ukingoni nikasema leo sishuki, itakuwaje? Akijibu kwamba mtapanga siku nyingine na mtaanzia pale mlipoishia, jiandikishe. Akianza kukuhakikishia kwamba wewe utaweza tu, kila mtu huweza, mshukuru na utafute kwingine.